Swali la mtoto katika Ngome Kongwe ya Bagamoyo



Jumamosi mbili zilizopita tulifuatana na watoto wa madrasa moja ya Dar es Salaam kwenda kuzuru mji wa Bagamoyo. Tulikuwa watu wazima saba na watoto 32 katika Kosta moja, pamoja na masufuria mawili ya pilau yaliyofungwa kwa kanga, yakanukia safari nzima. Kutoka jijini hadi Bagamoyo ni mwendo wa kilomita 65 hivi kuelekea kaskazini. Wengi wa watoto wale walikuwa hawajapata kufika huko, ingawa kila mmoja alikwisha kulisoma jina la mji ule katika kitabu cha shule.

Tulipofika Ngome Kongwe, mtembeza wageni alituingiza ndani ya kuta zile nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Akaeleza kwamba nyumba hiyo ilijengwa karibu mwaka 1860 na tajiri wa Kiarabu, kisha ikawa ngome ya Sultani wa Unguja, kisha ya Wajerumani, na baadaye ikawa jela. Akatuonyesha mahali panaposemwa kuwa palikuwa na njia ya chini kwa chini ya kuwapitishia watumwa hadi ufukweni. Watoto walinyamaza wote. Ndipo binti mmoja, hajatimiza miaka kumi, akamshika mwalimu wake kanzu na kumwuliza, "Ustadhi, hao waliokuwa wakiwauza wenzao walikuwa Waislamu?"

Ustadhi alitazama saa yake. "Twendeni wanangu," akasema, "adhuhuri imekaribia."

Ilikuwa saa nne na nusu.

Hatumlaumu ustadhi, kwa kuwa na sisi tulikuwa tumesimama hatua mbili kutoka alipo na hatukufungua kinywa. Lakini swali lile lilirudi nasi ndani ya Kosta, na limekaa nasi hadi leo. Kwa hiyo juma hili tumeonelea kuizungumza Bagamoyo yenyewe, mji na majengo yake, na kulijibu swali la binti yule kwa kadiri tunavyoweza, ingawa tumechelewa.

Wenye haraka huanza historia ya Bagamoyo kwa Wajerumani, au kwa wamisionari. Sisi tunapendelea kuanza Kaole, kijiji kilicho kilomita tano hivi kusini ya mji, kwa sababu huko ndiko Uislamu wa pwani hii ulikoacha alama zake za kale. Yapo magofu ya misikiti miwili, na ule mkongwe zaidi wataalamu wa mambo ya kale huuhesabu kuwa wa karne ya 13. Mihrabu ingali yaonekana. Pembeni yake kuna makaburi, baadhi yake yenye nguzo ndefu za mawe ambazo hapo zamani zilipambwa kwa mabakuli ya kaure ya Kichina. Mabakuli hayapo tena, ila vishimo vyake vimebaki kama macho. Watu waliosali hapo walifanya biashara na bahari yote ya Hindi. Mikoko ilipoujaza mlango wa bandari yao, vyombo vikashindwa kuingia, na maisha yakahamia taratibu kaskazini, mahali penye ufuko ulio wazi ambapo leo ni Bagamoyo.

Mahali hapo palikuwa na bahati ya mambo mawili. Mbele yake kuna Unguja, ng'ambo ya mkondo mwembamba ambao jahazi huuvuka kwa pepo za siku moja. Nyuma yake kuna njia ya bara: Uzaramo, Usagara, Ugogo, Tabora, na hatimaye Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Masultani walipoifanya Unguja kuwa makao yao katika karne ya 19, na dunia ya nje ilipoanza kuililia pembe ya ndovu kwa ajili ya vinanda na mipira ya meza, Bagamoyo ukawa mlango. Merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba vilipanda bara, pembe ziliteremka. Wenyeji wa mji, Washomvi na majumbe wao, walikuwa na haki zao katika ushuru. Wahindi walikopesha mali. Waarabu na Waswahili waliongoza misafara. Na Wanyamwezi waliibeba.

Neno hilo la mwisho tulitilie mkazo. Mpagazi wa Kinyamwezi aghalabu alikuwa mtu huru aliyeajiriwa kwa ujira na posho. Alibeba karibu frasila mbili begani, yaani zaidi ya kilo 30, akimfuata kirangozi aliyetangulia mbele na bendera. Kwa kijana wa Unyamwezi, kufika pwani na kurudi ilikuwa dalili ya utu uzima. Huko kwao hata kuoa kulikuwa kwepesi zaidi kwa aliyewahi kuiona bahari. Kwa maelfu ya watu kama huyo, jina la mji lilikuwa na maana ya faraja: hapa ndipo utakapobwaga mzigo na kuutuliza moyo.

Maana nyingine ndiyo waliyoambiwa watoto wetu pale ngomeni, kwamba mtumwa alipofika hapa aliubwaga moyo wake, akakata tamaa, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na bahari na nyuma hakuna kurudi. Wataalamu wameshindana juu ya maana hizo mbili, nasi hatuna haja ya kuchagua. Mji uliopitiwa na mpagazi aliyelipwa na mateka aliyefungwa unaweza kuwa na jina lenye nyuso mbili.

Ila tunaomba wanaotembeza watoto wetu waongeze maelezo kidogo. Watu wengi zaidi waliouzwa kwenda Unguja walipitia kusini, Kilwa Kivinje, kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Bagamoyo ulikuwa kwanza mji wa pembe. Watumwa walipita hapa, hilo halina shaka, lakini walio wengi katika historia ya mji huu hawakupita tu: walibaki. Walilima mashamba ya minazi, walichota maji, walipika, walijenga hizo nyumba za mawe tunazozipiga picha, walilea watoto wa mabwana wao na wengine waliwazalia watoto. Walisilimu, wakapewa majina ya Kiislamu. Walisimama nyuma katika swala za Ijumaa na walizikwa katika udongo huu huu.

Haya hatuyasomi katika vitabu vya wageni peke yake. Mwana wa mji wenyewe, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu mwenye asili ya Kizaramo aliyekuwa mwalimu wa Qurani Bagamoyo kabla ya kwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliyaandika kwa lugha yetu. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kimetokana kwa sehemu kubwa na kalamu yake. Ndani yake, baina ya habari za harusi, jando, ngoma na tiba, ameeleza pia habari za watumwa: nani aliitwa mzalia na nani alikuwa mgeni aliyenunuliwa, mtumwa alimwamkiaje bwana wake, alivaaje na aliruhusiwa nini. Anaeleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza mambo yanayojulikana na kila mtu mtaani. Utulivu huo ndio unaotuumiza sisi tunaosoma leo. (Msomaji atapenda kujua kwamba Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani, na alipotaka kurudi naye nyumbani, serikali ya kikoloni ilimkataza mkewe kushuka pwani. Wakarudi Ulaya. Alifia Berlin mwaka 1927, mbali na mji alioufanya ujulikane.)

Basi jibu la kwanza kwa binti yetu ni hili: ndiyo, mwanangu. Wengi wa wenye misafara na wenye mashamba walikuwa Waislamu, na baadhi ya waliowakamata watu huko bara hawakuwa Waislamu, na wanunuzi wa mwisho wa zile pembe walikuwa Wazungu na Wamarekani. Lakini umetuuliza juu yetu, na juu yetu jibu ni ndiyo.

Tutaambiwa kwamba dini yetu iliukuta utumwa duniani na ikafungua milango ya kuuondoa. Ni kweli, na tunaamini hivyo. Kitabu chetu katika Suratul Balad kimeifanya kazi ya kuikomboa shingo kuwa sehemu ya ile njia ngumu ya kupanda. Kafara ya kiapo na ya kuua bila kukusudia zimeambatanishwa na kumwacha mtu huru. Fungu mojawapo la zaka ni la kuwakomboa watu. Bilal aliadhini akiwa huru. Hayo yote yalisomwa katika vyuo vya Bagamoyo, na walikuwako waliyoyatekeleza, wakaandika hati za uhuru kabla ya kufa. Hata hivyo msafara ulifuata msafara. Mwenye kumfundisha mtoto aya bila kumweleza tulichofanya huku tukiisoma aya hiyo, anamfundisha nusu.

Tuendelee kutembea. Upande wa kaskazini wa mji, njia yenye miembe mirefu inaelekea misheni ya Wakatoliki. Mapadri wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakitokea Unguja. Walinunua watoto watumwa, wakawakomboa, wakawafundisha kazi na dini yao, na wakawajengea kijiji. Wazee wetu hawakuupenda mwisho wa jambo hilo, kwa kuwa watoto wale walikuwa Wakristo. Lakini mzazi yeyote akitazama picha zao katika makumbusho ya misheni ataona kwanza kwamba ni watoto.

Mnara wa kanisa la kale uko hapo. Usiku wa tarehe 24 Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliwekwa ndani yake kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London, ambako ulizikwa Aprili mwaka huo. Mabango yanamtaja yeye kwa herufi kubwa. Sisi tuliwaambia watoto wawatazame waliombeba. Chuma na Susi pamoja na wenzao waliubeba mwili uliokaushwa kwa chumvi na jua kutoka kusini ya Ziwa Bangweulu, miezi tisa njiani. Chuma mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Hakuna aliyewalazimisha, wangeweza kumzika alipofia na kwenda zao.

Kisha vita. Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliwakodisha Wajerumani wa Kampuni ya Afrika Mashariki ukanda wa pwani, na mwezi wa Agosti walipokuja kupandisha bendera yao na kushika forodha, pwani iliwaka moto kuanzia Pangani. Husimuliwa kwamba huko Pangani waliingia msikitini na mbwa siku ya Idi. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza, na Bwana Heri wa Saadani akapigana upande wake. Bagamoyo ukawa uwanja wa mapigano. Nyumba zikachomwa, na watu wa mji, Waislamu kwa wingi wao, wakakimbilia ndani ya uwanja wa misheni na wakapewa hifadhi. Jambo hili tungependa lisemwe misikitini na makanisani pia. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Abushiri ni shujaa wetu, na tunamwita hivyo bila kusita. Lakini alikuwa pia na shamba la miwa Pangani, na shamba lile lililimwa na watumwa. Watoto wanaweza kuyabeba mambo haya mawili kwa pamoja. Ni sisi wakubwa tunaoshindwa.

Na upande wa pili wa mambo ni wa ajabu zaidi. Bunge la Ujerumani liliidhinisha maki milioni 2 mwaka 1889 kwa vita hivyo, na sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Hermann Wissmann akaja na jeshi ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa askari wa Kisudani walioajiriwa Misri, Waislamu wenzetu. Wakashinda. Je, utumwa ulifutwa? Haukufutwa. Wajerumani walizuia biashara ya kusafirisha watu, lakini utumwa wa majumbani na mashambani waliuacha, maana walihofia kuwaudhi matajiri na kukosa wafanyakazi. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Tunawaomba wasomaji waukumbuke mwaka huo, kwa kuwa tutaurudia.

Majengo ya Wajerumani hatutayakalia sana. Boma la mwaka 1897 lenye matao yake, jengo la forodha la mwaka 1895 lililo juu ya soko la samaki. Yote yapo, mengine yametengenezwa na mengine yanasubiri. Bagamoyo ulikuwa makao makuu yao hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, na reli ya kati ilipoanzia huko mwaka 1905 biashara ikahama pamoja nayo. Watoto walifurahishwa zaidi na kisa cha Emin Pasha, Mjerumani aliyejipa jina la Kiislamu, ambaye mwezi Desemba 1889 alinusurika jangwa, vita na homa, akaokolewa na msafara wa Stanley, akafikishwa Bagamoyo salama, na usiku ule ule wa karamu akaanguka dirishani na kuvunjika fuvu. Alipona. Tusingependa pia kumsahau Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetajirika kwa kuandaa misafara, kisha akatoa jengo la shule hapa Bagamoyo na mali ya kujengea hospitali Dar es Salaam, ambayo historia ya Muhimbili huanzia kwake. Alifariki mwaka 1897.

Sasa tumefika mahali ambapo tulitaka kuwafikisha wasomaji tangu mwanzo, napo hapamo katika picha za watalii.

Katika miaka ya mwisho ya misafara, mtoto wa Kimanyema, kutoka nchi iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika katika Kongo ya leo, aliletwa pwani akiwa mtumwa. Aliingia katika nyumba ya Mwarabu mmoja tajiri wa Bagamoyo. Jina alilopewa ni Yahya bin Abdallah. Kila mwenye kujua desturi za majina anafahamu kwa nini mtu kama huyo aliitwa bin Abdallah: baba yake mzazi hakuwa na nafasi katika daftari la mtu yeyote. Watu wakamjua kwa jina la Ramiya.

Yahya alisoma. Alikaa mbele ya masheikh wa mji, akaichukua elimu, akaachwa huru, akafungua madrasa yake. Wakati huo twarika ya Kadiria ilikuwa imeenea kutoka Unguja, ilikoletwa na Sheikh Uways wa Barawa zama za Sayyid Barghash, nayo iliwavuta hasa wale ambao mlango wa baraza za wenye nasaba ulikuwa mwembamba kwao. Sheikh Ramiya akawa khalifa wa Kadiria hapa Bagamoyo. Murid wake walisambaa bara, wakiifuata kinyumenyume njia ile ile aliyoletewa yeye: Tabora, Ujiji na kwingineko. Waungwana wa mji, Waarabu, Washomvi na Wamanyema waliketi katika halaka moja chini ya mtu ambaye, kwa hesabu ya zamani, angestahili kukaa karibu na viatu. Alifariki mwaka 1931. Uongozi ukarithiwa na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa masheikh waliounga mkono TANU. Hadi leo watu huja Bagamoyo kutoka mbali kwa ziara yake.

Hesabuni: utumwa ulifutwa mwaka 1922, sheikh akafariki 1931. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, huku akisalisha, akifundisha na kuwaombea watu dua, sheria ya nchi ilikuwa ingali inamruhusu mtu kummiliki mwenzake. Wapo kati ya waliombusu mkono asubuhi waliokuwa na watumwa nyumbani.

Tumeyaandika haya katika kurasa za familia kwa sababu maalumu. Mwaka jana tulishirikishwa katika posa ya jamaa zetu. Kijana ni mcha Mungu, ana kazi, na mama wa binti alikwisha kumkubali. Majina ya mji na ya watu tunayahifadhi. Siku ya kupeleka jibu, shangazi mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, aliuliza jambo moja tu kwa sauti ya upole: "Babu yake alikuja na nani?" Wote waliokuwamo chumbani walielewa. Hakuna aliyetamka neno mtumwa, na posa ilikufa kabla ya kahawa kupoa. Binti hakuambiwa sababu. Kijana aliambiwa kwamba binti bado anasoma.

Tunajua kwamba mafakihi wamezungumza juu ya kufu, na kwamba nasaba imo katika vitabu vyao. Tunajua pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwoza Zaynab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe, kwa Zayd aliyewahi kuwa mtumwa. Tunawaachia masheikh mjadala wa kielimu. Sisi tunauliza swali la nyumbani. Familia ile ile inayokodi Kosta kwenda ziara ya Sheikh Ramiya, ikibeba ubani na halua, ingemjibu nini Sheikh Ramiya kama angekuja kuposa akiwa kijana wa miaka 25, hana jina ila bin Abdallah?

Kuna ukimya wa namna mbili katika nyumba za pwani. Wapo waliomiliki, na wajukuu wao hawapendi kutaja. Na wapo waliomilikiwa, na wajukuu wao wamejifunza kusema kwamba babu alitoka Uajemi, au Hadhramaut, au kwamba habari zake zimepotea. Ukimya huu wa pili tunauelewa zaidi, kwa kuwa aliyesema kweli ameadhibiwa kwa kweli yake, kama kijana wa posa ile. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto anapouliza swali pale ngomeni, hapati mtu wa kumjibu upande wowote. Nasi tulio katikati hutazama saa.

Kwa wazazi na walimu wanaokusudia kwenda likizo ijayo, hii ndiyo njia tunayoipendekeza baada ya kujaribu na kukosea. Anzeni Kaole asubuhi kabla jua halijawa kali, watoto wauone msikiti kabla ya kuiona jela. Kisha nendeni jengo lililokuwa kituo cha misafara, mkawaeleze habari za Wanyamwezi, frasila na kirangozi. Bebeni kilo 30 za mchele katika gunia, kila mtoto ajaribu kuinyanyua kidogo tu aone. Kutoka hapo Ngome Kongwe, kisha misheni. Hakuna haja ya kuogopa kuingia makumbusho yao; waliwahifadhi watu wetu mwaka 1888 na hawatatuuliza tumefuata nini. Adhuhuri salini mjini. Soko la samaki acheni la mwisho, kwa sababu ngisi wa kukaanga wakishaonekana, hakuna mtoto atakayesikiliza historia. Na msitoke Bagamoyo bila kufika kwa Sheikh Ramiya.

Sisi tulifika huko alasiri. Ustadhi aliwasomesha watoto Fatiha, kisha, bila kuulizwa na mtu, akaketi chini na kuwasimulia habari ya mtoto aliyeletwa kutoka Manyema. Akawaambia ni nani waliomleta, na kwamba walikuwa watu wa dini yetu. Alisema yote. Tunakiri kwamba alitutangulia kwa ujasiri, nasi tuliokuwa tumekwisha kujiandaa kuandika makala tulijiona wadogo.

Yule binti alimsikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono tena.

"Ustadhi, mama yake alijua amepelekwa wapi?"

Safari hii ustadhi hakutazama saa. Alisema kwamba hajui, na kwamba huenda hakujua kamwe. Binti akakaa kimya kidogo, akauliza kama inafaa kumsomea mama huyo Fatiha ingawa jina lake halijulikani. Akaambiwa inafaa. Wakasoma tena, wote 32, na baada ya hapo tukaenda kutafuta Kosta yetu.